Meneja Aliyekuwa Mtani Wangu

Niliondoka Urambo na mfuko wa rambo wenye shati moja, nikarudi na stashahada ya ugavi na usimamizi wa ghala. Naliweka hilo mbele kwa sababu sikusaidiwa na mtu. Dar es Salaam nimebeba saruji, nimelinda geti la watu, nimeuza maji ya baridi kwenye foleni za magari, na jioni nimekaa darasa moja na vijana wanaonukia manukato, mimi nikinukia jasho la mchana. Wao walifeli, mimi nikafaulu. Cheti changu kinaning'inia sebuleni juu ya televisheni, na mgeni akiingia, hata kabla hajapewa kiti, macho yake yanaanzia hapo. Katika ukoo wetu, ambao tangu babu tunalima tumbaku, ndicho cha kwanza.

Nilirudi kwetu kwa hiari. Nilipata kazi ya usimamizi wa ghala katika kituo cha kununulia tumbaku, nikajenga kwa tofali za kuchoma, bati la rangi, madirisha ya aluminiamu. Watu walitoka vijiji vya jirani kuja kuyatazama hayo madirisha. Nikaoa mshonaji kutoka Ulyankulu, binti wa familia ya Kikatoliki yenye asili ya Burundi, watu wa jembe na sala. Kitu kimoja tu kilinishinda. Mke wangu alishika mimba mara mbili, na mara mbili ikatoka kabla ya wakati. Nyumba ikabaki nzuri na kimya. Chumba cha mtoto nilikipaka rangi mwenyewe, ikawa tunaweka humo magunia ya mahindi.

Kwa hiyo aliposhika mimba ya tatu, hatukumwambia mtu. Hata sisi wenyewe tuliizungumza kwa kuzungukazunguka.

Hapo kazini nimefanya chini ya mameneja wawili. Wa kwanza alikuwa mama mtu mzima wa Tabora mjini, Mmoravian, mwimbaji wa kwaya. Mama yule hakuwa mpole. Mzani ukidanganya alikuwa anauona kutoka ofisini. Lakini asubuhi alipita kwa kila mmoja, akauliza, "Nyumbani wazima?" kisha akasimama kusubiri jibu. Hilo la kusubiri ndilo lililokuwa kubwa. Wengi huuliza huku wanaondoka. Ukimwambia mtoto ana homa, alikuwa anashika kazi yako yeye mwenyewe, anavaa koti la vumbi, anapima mabelo, yale marobota ya tumbaku, mpaka urudi. Msimu wa soko, Jumapili tulipokezana, nusu kanisani, nusu ghalani. Tulifanya kazi kwake kama tunamfanyia mama mzazi. Alipostaafu, wabeba mizigo walilia waziwazi.

Aliyekuja baada yake alikuwa Mgogo. Naeleza kabila kwa sababu bila hilo kisa hiki hakisimami. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Babu zetu walipokuwa wanabeba pembe na vitambaa kati ya huku kwetu na pwani, walikatiza Ugogo, na Wagogo waliwatoza hongo, ushuru wa njia, ili wapite na wanywe maji. Ugomvi ule wa njiani, vizazi vilivyofuata viliugeuza mzaha, na mzaha ukawa undugu. Mpaka leo Mgogo anaweza kuja msibani kwangu akashuka kaburini, akalala humo, akagoma kutoka mpaka apewe kitu, na wafiwa tukacheka machozi yakiwa bado yanatiririka. Anaweza kunivua kofia barabarani akaenda nayo, na siwezi kumwita mwizi. Kazi yangu ni kumfuata niikomboe. Mtani hakasirikiwi. Anayekasirika ndiye mwenye kosa.

Siku ya kwanza meneja huyo alisimama uwanjani, mkulima na mfanyakazi wote tukimtazama, akasema, "Nimeambiwa hapa kuna Wanyamwezi. Afadhali. Babu zangu waliwatoza babu zenu maji. Mimi nitawatoza jasho."

Uwanja mzima ulianguka kicheko. Nikamjibu kwa sauti, "Mtani, uliyekuwa unaomba kwenye mataa ya Dodoma leo umepewa ofisi, usisahau kurudisha bakuli."

Alicheka mpaka akashika nguzo. Siku hiyo nilimpenda. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu tumepata mtu.

Ilinichukua muda kuona alivyokuwa anafanya. Yule bwana hakuwahi kumkatalia mtu ruhusa, alikuwa anamtania tu. Mteuzi wetu mmoja, mama anayepanga majani ya tumbaku kwa madaraja, aliomba Jumapili moja aende kwenye kipaimara cha binti yake. Meneja akamjibu mbele ya watu, "Mwambie askofu aje hapa, tumpime kwenye mzani kwanza tuone daraja lake." Tulicheka. Mama naye alicheka, maana ni Mnyamwezi. Jumapili ile alikuwa kazini. Baadaye nilimkuta nyuma ya mabelo anajifuta macho na kanga, na kicheko kilikuwa kimekwisha kitambo. Mhasibu alikuwa akitoka ofisini watoto wamelala na kurudi kabla hawajaamka, mpaka mtoto wake mdogo akawa anajificha nyuma ya mama yake akimwona. Alipolalamika aliambiwa, "Punda wa msafara hana likizo, akilala atachinjwa." Akacheka. Angefanya nini? Aende makao makuu aseme ametaniwa?

Chuoni tulifundishwa aina za uongozi. Kuna kiongozi wa kuamuru, kuna wa kushirikisha, kuna wa kuwaachia watu wajiendee. Katika somo hilo nilipata alama ya juu darasani, na mwalimu alisoma karatasi yangu kwa sauti. Lakini hakuna aliyetufundisha habari za kiongozi anayekunyima kwa kukuchekesha. Wa kuamuru unaweza kumchukia. Unarudi nyumbani unasema bosi wangu ni katili, na mke anakuwa upande wako, mnamchukia pamoja, na huko kumchukia pamoja nako ni kukaa pamoja. Huyu wa kuchekesha anakurudisha nyumbani umechelewa na mkono wako mtupu, una mzaha wake tu. Mimi nilikuwa naupeleka huo mzaha mezani.

"Umeomba ile siku ya kliniki?" mke wangu aliniuliza jioni moja.

"Nimeomba. Akasema Mnyamwezi tangu lini akamsindikiza mke, si anamtanguliza na mzigo."

Hakucheka. Kwao Ulyankulu hawana utani na Wagogo. "Kwa hiyo amekukatalia?"

"Alikuwa anatania."

"Kwa hiyo amekukubalia?"

Nilikula ugali wangu. Kliniki akaenda peke yake, na iliyofuata, na ya baada ya hapo. Mama yake alipoona hivyo alikuja kukaa nasi, mzee mwembamba, mkimya, rozari mkononi.

Hapo kuna jambo jingine la kueleza. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawali meza moja, hawakai chumba kimoja wakatazamana, na ukikutana naye njiani unapisha pembeni unaamkia ukitazama chini. Kwao ni hivyo hivyo, pengine na zaidi. Basi nilijenga nyumba kubwa halafu nikawa naizunguka kwa nje kuingia jikoni, nisipite alipokaa.

Msimu wa soko ulifunguliwa. Mabelo yakaja kwa malori, kwa matrekta, kwa mikokoteni ya ng'ombe. Vumbi la tumbaku likatuingia puani mpaka mate yakawa ya kahawia. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa saba, na hakuna iliyowahi kufika huko. Nilianza kuondoa magunia ya mahindi kwenye kile chumba, gunia moja kwa siku, kana kwamba nikiyatoa yote kwa pamoja kitu kitashtuka.

Nilikuwa kwenye mzani mke wangu alipofanyiwa vipimo hospitalini Tabora mjini na kukutwa presha imepanda sana. Walimfanyia upasuaji siku hiyo hiyo. Mama mkwe hakunipigia mimi, kwa ile heshima. Alimpa nesi simu. Nesi akasema, "Mtoto wa kiume. Ni njiti, mdogo sana, lakini analia."

Nilikwenda moja kwa moja kwa meneja. Aliwasimamisha watu wote wanisikilize. "Hongera, Mnyamwezi. Kazaliwa kabla ya wakati, ana haraka ya kuja kubeba mabelo." Watu wakapiga makofi, wakacheka. Nami meno yangu yakatoka, mwili umezoea. Nilipewa Jumapili mchana, Jumatatu alfajiri niwe kazini.

Jumapili hiyo nilimwona. Kichwa chake kilikuwa kama chungwa dogo la Sikonge, la msimu wa ukame. Mashine za joto zilikuwa zimejaa, na nesi alinieleza kwamba hata hivyo watoto kama hawa wanalelewa kifuani. Wanaiita huduma ya kangaruu. Mtoto anavuliwa, anabaki na nepi na kofia, anawekwa kwenye kifua kilicho wazi, ngozi kwa ngozi, anafungwa kitenge, na anakaa hapo mchana na usiku. Joto la mtu ndilo linamfanya aishi. Mke wangu alikuwa amelala chali na mshono wake, mtoto amemkalia kifuani kama jani. Akaninong'oneza, "Huyu anapumua, umemsikia?" Nilimsikia. Nikaondoka kurudi kwenye mzani.

Wiki ile sikumbuki kupima belo hata moja, ingawa nilipima mengi. Mshono wa mke wangu uliingia uchafu. Akapata homa kali, akawekewa dripu, akahamishiwa wodi nyingine, na mtoto wakamchukua kifuani pake. Mama mkwe akampokea. Jumamosi asubuhi, wakulima wamejaa uwanjani, simu ikalia. Alikuwa yule nesi.

"Wewe ndiye baba wa njiti?"

"Ndiyo, sista."

"Bibi yake ameanza kukohoa. Hatuwezi kumwacha na mtoto mpaka apimwe. Mama yake ana homa. Jana usiku tulimshika sisi manesi kwa zamu, lakini tuna wengine. Mtoto huyu anataka kifua. Una dada? Una mama?"

Mama yangu alishafariki. Dada yangu wa pekee yuko Usinge, ndani kabisa karibu na hifadhi, na simu yake hupatikana akipanda kichuguu. Nikamwambia hakuna.

"Basi njoo wewe," alisema. "Kifua cha baba nacho kina joto. Njoo leo, baba, usiseme kesho."

Meneja alikuwa kati ya uwanja, amekalia belo, anatania na wakulima. Nilisimama mbele yake. Nilijitahidi uso wangu usiwe na mzaha wowote. Nikamweleza vyote kama nilivyoambiwa, mbele ya watu, bila kuficha, mimi ambaye habari za nyumbani kwangu hazitoki nje. Nilimaliza nikasema, "Bosi, naomba niende. Mtoto wangu anaweza kufa."

Sikumwita mtani. Nilimwita bosi. Nilidhani atasikia tofauti.

Alinitazama kidogo. Naapa niliona kitu kinapita machoni mwake, kisha kikatoweka. Akawageukia watu. "Mmemsikia? Babu zake walibeba pembe za ndovu mpaka baharini hawakuchoka. Yeye kaletewa kamzigo ka kilo moja, anataka likizo."

Nao wakacheka. Siwalaumu. Mgogo amemtania Mnyamwezi, ndivyo ilivyo tangu enzi. Na mimi nilisikia kicheko kimoja kilicho karibu sana na masikio yangu, nikagundua kinatoka kwangu. Ulimi, meno, mabega, vyote vilicheka kama vilivyolelewa. Ndani hapakuwa na kitu isipokuwa yule mtoto kama jani.

Na hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Najisifu kwa hilo na nitaendelea kujisifu. Nikiwa bado nacheka, nilikwenda ofisini kwake nikachukua funguo za ghala na za mzani kwenye msumari, nikatoka nazo nimeziinua juu watu wazione.

"Mtani," nikasema, "nimekuvua kofia. Ukizitaka, zikomboe Tabora."

Kicheko kilichofuata hapo kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya msimu. Wakulima walipiga mabelo kwa mikono. Meneja mwenyewe alicheka, aliinua kidole akasema, "Huyu Mnyamwezi kaiba sasa," lakini hakuweza kusimama kunizuia. Angesimama, angekuwa amekasirika, na mtani akikasirika ameshindwa. Mlinzi alinifungulia geti huku anajipangusa macho. Nilitoka kwa mlango ule ule niliozuiliwa nao.

Lori lililokwisha kupakiwa lilikuwa linaondoka. Nikapanda.

"Bosi, leo unasafiri na sisi wanyonge?" dereva aliniuliza.

"Endesha," nikamwambia. Akaniangalia mara moja, akazima redio.

Njia ya Urambo kwenda Tabora naijua kama kiganja, lakini siku hiyo ilikuwa ndefu. Miombo ilikuwa imepukutika. Kila nilipofumba macho nilimwona nesi amemshika mtoto, anaitwa na mgonjwa mwingine, anamweka chini. Simu ilianza kulia, jina la meneja. Sikuipokea. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe, kama vile naweza kumpelekea.

Mlangoni mwa wodi nesi aliniwekea mkono. "Unanuka tumbaku. Mapafu yake hayajakomaa huyu. Shati hilo halipiti hapa." Akanipa sabuni ya kufulia, akanionyesha bomba uani. Wakulima wanaijua ile gundi nyeusi ya tumbaku inayoganda kwenye vidole, haitoki kwa maji. Niliisugua kwa sabuni na mchanga mpaka ngozi ikawa nyekundu, kifua, shingo, viwiko, watu wakipita wakinitazama mtu mzima nimebaki na suruali. Mwenye stashahada. Sikujali.

Nilipoingia, mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda, kitambaa mdomoni kwa ajili ya kikohozi, akimtazama mtoto kwa mbali. Aliponiona nimevua shati, na mimi nilipomwona, wote tulisimama kama tumepigwa. Nikatazama sakafu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Akakinyanyua kile kiti, akakigeuza kikaelekea ukutani, akakaa tena, mgongo kwetu. "Mpe mtoto," akamwambia nesi. "Mimi sioni."

Hivyo ndivyo tulivyoishi humo. Walinifunga mtoto kifuani, mwepesi kuliko mkate, ana joto dogo linalokuja na kuondoka. Pumzi yake ilinitekenya chini ya koo kama unyoya. Mama mkwe alikaa ameutazama ukuta, akisali, akinipitishia kikombe cha uji juu ya bega lake bila kugeuka, na mimi nikikipokea bila kutazama. Nesi alinifundisha, "Hawa wakati mwingine wanasahau kupumua. Akiacha, mpige kidole unyayoni. Usipige kelele kwanza. Mpige unyayoni."

Mke wangu nilimwona kwa dakika chache, mtoto nikiwa naye. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa homa.

"Umepewa ruhusa?"

"Nimekuja."

"Sijauliza hivyo."

"Najua," nikasema. Akageuza uso, lakini mkono wake ulinishika kidole na haukuniachia mpaka usingizi ulipomchukua.

Meneja alikuja Jumapili saa za kuona wagonjwa. Alivaa shati safi, ameshika mfuko wa machungwa. Alisimama miguuni mwa kitanda, akaniona kifua wazi, kitenge cha maua, kofia ndogo ya sufu ikichungulia chini ya kidevu changu. Akatabasamu.

"Mnyamwezi, umebadilisha mzigo."

Hapakuwa na uwanja, wala wakulima. Palikuwa na akina mama wenye watoto vifuani. Mimi safari hii mwili ulikataa. Meno hayakutoka.

Mama mkwe akauliza akiwa amekabili ukuta, "Huyo ni nani?"

"Ni mimi, mama. Mtani wake."

"Sisi hatuna watani. Wewe ni ndugu yake?"

"Ni... kwa utani, mama, ni kama ndugu."

"Ndugu yake anamchekea mtoto mgonjwa?"

Aliuliza kama anayeuliza njia. Nadhani kweli alitaka kujua. Meneja aliweka machungwa juu ya kabati, akayapanga, yakamponyoka moja, akaliokota. Akamtazama mtoto kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ndogo, haina mapambo, "Wangu wa mwisho yuko Dodoma. Mara ya kwanza kumwona alikuwa ameshaota meno."

Nilimwelewa, na kumwelewa hakukunisaidia. Bila shaka makao makuu yalimbana yeye kama yeye alivyotubana sisi, na yeye aliwachekea kama sisi tulivyomchekea. Hiyo ndiyo hongo yake, na alikuwa akiipitisha kwetu tuilipe. Nikampa funguo bila kudai kitu.

Mlangoni aligeuka. "Jumatatu saa moja asubuhi, Mnyamwezi." Alitabasamu au hakutabasamu, mpaka leo sina hakika. Kwa mtu kama yule huwezi kujua kama umeitwa kazini, umefukuzwa au umetaniwa. Hilo ndilo lililotutesa siku zote, na nililibeba hata pale.

Jumatatu mapambazuko nilikuwa macho. Niliwaza nyumba, madirisha, cheti ukutani, mtu aliyebeba saruji ili asirudi kubeba saruji. Niliwaza kwamba basi la asubuhi bado lipo, nikimbembeleza nesi amshike nusu siku tu, nikajionyeshe kazini, nirudi. Niliwaza hivyo kabisa. Na simu ikaanza kulia mfukoni, na wakati huo huo ule unyoya ukaacha kunitekenya.

Nilihisi kabla sijaona. Nikainamia. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Mkono wangu ulitafuta unyayo ndani ya kitenge, unyayo mdogo kama kidole gumba changu, nikaupiga. Hakuna kitu. Simu inalia. Nikapiga tena. Nikasikia sauti yangu ikiita, "Mama." Sijui nilimwita nani. Kiti kikakwaruza sakafu, na mama mkwe akageuka, akanitazama mimi na kifua changu na mtoto, mbele ya macho yake, kitambaa mdomoni, akamwita nesi kwa lugha yao na kwa Kiswahili kwa pamoja. Nikapiga unyayo mara ya tatu kwa nguvu ambayo niliiogopa. Mtoto akakunja uso. Akavuta hewa kama mtu anayetoka majini. Akalia, kilio chembamba cha paka, na nesi alikuwa ameshafika amemwekea oksijeni puani.

Simu ilikuwa bado inalia. Mama mkwe hakukigeuza tena kile kiti. Alikaa ametutazama, mimi nimevua shati, na hakuna kati yetu aliyeona aibu. Uji aliniletea kwa mikono miwili.

Sikwenda Urambo Jumatatu ile, wala iliyofuata. Yule dereva wa lori ndiye aliyeleta barua. Ilinikuta nimesimama uani, mtoto kifuani, maana nikikaa alikuwa analia. Niliisoma yote. Ilikuwa ya kusimamishwa kazi kwa kuondoka bila ruhusa na kutoweka na funguo katika msimu wa soko. Meneja alikuwa ameisaini, na haikuwa na utani hata neno moja. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kunijibu waziwazi.

Dereva alingoja. "Kuna majibu, bosi?"

"Mwambie mtani wangu nimepokea," nikasema. "Mwambie na mtoto ameongezeka uzito."

Mke wangu alipona polepole. Tulirudi nyumbani, tukamlaza mtoto katika kile chumba, na magunia hayajarudi humo. Kazi sina. Nimepeleka barua za maombi kila mahali kutoka Kaliua mpaka mjini, na kila mahali wananiuliza kwa nini niliondoka kwenye kazi nzuri kama ile, nami nikianza kueleza habari ya utani, mwulizaji anaanza kutabasamu, na hapo najua nimeshaikosa. Sasa nanunua asali Sikonge, naileta mjini kwa baiskeli na kwa malori ya watu. Mgongo uliobeba saruji bado upo. Nimeshaanza upya mara moja, na nikiwa peke yangu. Lakini usidhani sikeshi nikiyatazama yale madirisha, nikijiuliza nitauza lipi kwanza.

Mteuzi, yule mama wa kipaimara, aliniambia meneja bado yuko, bado anawachekesha, ila yeye sasa hawatanii tena akina mama wajawazito. Anawaambia ndiyo au hapana. Kwangu hajaja. Akifa kabla yangu, nitakwenda msibani kwake Dodoma, ni haki yangu, nitashuka kaburini nilale, nigome. Na nikifa mimi yeye atakuja. Utani haufi kwa barua.

Mwanangu sasa anatambaa. Anapenda kulala juu yangu, kifuani, uso chini ya koo langu, na mama yake akitaka kumchukua, namwambia asubiri kidogo. Bado namsikiliza.